Kompyuta ya kwanza ya gemu kwa milioni moja na laki mbili

Swali: Shikamoo kaka. Nina miaka 21, nipo Morogoro, nasubiri kuanza chuo. Nimekusanya milioni moja na laki mbili kwa kazi ya kutengeneza simu. Nataka kompyuta ya mezani ya gemu, ya kwanza maishani mwangu: FC ya mpira na washkaji, GTA V, na Valorant. Chuoni nitasoma uhandisi, kwa hiyo itanisaidia na michoro. Kuna duka Kariakoo wananiuzia "kompyuta ya gemu" kwa milioni moja na elfu hamsini: Core i7, RAM GB 16, kadi GB 4, kasha la kioo lenye mataa. Rafiki yangu anasema nisiichukue, ninunue vifaa vipya kimoja kimoja niunge mwenyewe. Nani yuko sahihi? Monita sina, ila nyumbani kuna televisheni.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, na hongera. Fedha hiyo umeitolea jasho, kwa hiyo nitakujibu kwa urefu.

Jibu fupi ni hili. Ile ya mataa usiichukue. Na ukiunga vifaa vipya kuanzia sifuri kwa milioni moja na laki mbili, utabaki na mashine nusu. Nunua kompyuta ya ofisi ya mtumba, yenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel ya kizazi cha nane au zaidi, umbo la mnara, halafu uipachike kadi ya picha nzuri, kile kifaa kinachochora gemu kwenye kioo. Kwenye kadi na kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kasha, nitakaa sana, maana huko ndiko vijana wengi wanakoumizwa.

Tuanze na tangazo lile. Limekwambia "Core i7" likaishia hapo. Core i7 ni jina la familia, na familia hiyo ina wazee na vijana. Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inayokwambia umri. Core i7-2600 ni ya kizazi cha pili, ilitoka 2011, ina viini vinne. Core i5-8500 ni ya kizazi cha nane, ilitoka 2018, ina viini sita. Ukiziweka zote mbili kwenye gemu, hiyo i5 inaiacha i7 mbali. Lakini neno "i7" linauza, ndiyo maana muuzaji analitaja na kuiacha namba. Mwulize: "i7 ngapi?" Akikwambia "ni i7 tu, moto wa kuotea mbali," mshukuru, nenda duka linalofuata.

Umri wa prosesa unakuhusu kwa sababu nyingine kubwa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel ya kizazi cha nane kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Valorant nayo ukiicheza kwenye Windows 11 hukagua TPM 2.0 na Secure Boot (kinga ya wakati mashine inawaka), na visipokuwa vimewashwa haifunguki. Zipo njia za kuilazimisha Windows 11 iingie kwenye mashine ya 2011, mafundi wanazijua, lakini mlinzi wa Valorant, programu yake ya kuzuia udanganyifu, hutamdanganya kwa njia hizo. Utakuwa umenunua kompyuta ya gemu isiyocheza gemu uliyoinunulia.

Sasa "kadi GB 4". Hapa nisome taratibu. Kadi inayotembea sana mtaani kwa maneno hayo ni GeForce GT 730. Ni ya 2014, ina vichakataji vidogo 384, na lipo toleo lake lenye GB 4 za kumbukumbu ya DDR3, aina ya zamani na ya polepole. GB 4 zipo kweli, hajakudanganya. Fikiria simtank la lita elfu tano ambalo bomba lake la kutolea maji ni la nusu inchi. Maji yapo, ila ndoo inajaa kwa shida. Toleo la GT 730 la DDR3 lenye njia ya biti 64 hupitisha takriban GB 14 kwa sekunde. GeForce GTX 1650, ambayo nayo ina GB 4, hupitisha GB 128 kwa sekunde hata kwenye toleo lake la mwanzo la 2019. Tangi ni lilelile, bomba limekuwa kubwa mara tisa, na vichakataji ni 896. Kwa hiyo ukiambiwa GB za kadi, jua hujaambiwa kitu bado. Uliza jina kamili na namba yake.

Rafiki yako ana hoja, nisimnyime haki yake. Mtu mwenye fedha mara mbili ya zako ningemwambia aunge upya: Ryzen 5 5600, madabodi (bamba kuu linalobeba vifaa vyote) ya B550, RAM (kumbukumbu ya kazi) mbili za GB 8, kadi ya RX 6600 ya GB 8. Ni mashine ya kukaa nayo miaka. Wewe ukijaribu kwa fedha yako, utanunua prosesa, madabodi, RAM, SSD (diski ya kisasa ya kasi), pawasaplai na kasha, na ukifika kwenye kadi mfuko umekauka. Bei za RAM nazo zimepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa sababu viwanda vya chipu vinapeleka mzigo mkubwa kwenye vituo vya akili mnemba, na sisi wanunuzi wa mtaani tunagombania kinachobaki. Kompyuta ya ofisi inakuja na RAM yake ndani, na hilo peke yake kwa sasa ni akiba kubwa. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kuna VAT ya asilimia 18 na usafiri, na kadi ikifika imekufa huna wa kumrudishia.

Njia ya kati ni Ryzen 5 5600G, prosesa yenye picha zake ndani, ili uanze bila kadi na kuiongeza baadaye. Valorant itacheza vizuri, GTA V itacheza. FC itakusumbua. Kwako siipendekezi, kwa sababu hiyo "baadaye" ya mwanafunzi wa chuo naijua. Ada, hosteli na chakula huifikia fedha kabla ya kadi.

Basi turudi kwenye kompyuta ya ofisi. Hizi ni zile Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ProDesk, Lenovo ThinkCentre ambazo makampuni ya Ulaya na kwingineko huzitoa kwa mkupuo, zikaingia kwetu kwa makontena. Zimefanya kazi ya barua na mahesabu miaka mitano sita, kwenye chumba chenye kiyoyozi, hazijawahi kuteswa. Vyuma vyake ni imara kuliko kasha lolote la kioo la bei ya chini. Na mara nyingi leseni ya Windows imo ndani ya madabodi yenyewe, kwa hiyo ukiipakia upya inajitambua bila kununua chochote. Majina ya kutafuta: OptiPlex 3060, 5060 au 7060, EliteDesk 800 G4, ThinkCentre M720t. Prosesa iwe i5-8500 au i5-8400. Ukikutana na i5 ya kizazi cha tisa au cha kumi kwa bei inayokaribiana, chukua.

Tahadhari ya kwanza ni umbo. Mashine yenye jina moja hutoka kwa maumbo matatu. Kuna ile ndogo ya kukaa kiganjani, hiyo haina pa kuweka kadi kabisa, na RAM yake ni ya laptopu. Kuna ile nyembamba, ambayo hupokea kadi fupi za nusu kimo tu. Zipo, ila ni chache na wanazipandishia bei. Na kuna mnara, ulio wima na mpana. Wewe unataka mnara. Winga wa Kariakoo atakushawishi uchukue nyembamba, "specs ni zilezile kaka." Zilezile kweli, ila kadi haitaingia.

Ukifika dukani, fanya haya kabla ya kutoa hata senti. Omba mashine iwashwe, na inapowaka tu gonga F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo, uingie kwenye BIOS, yaani mipangilio ya ndani ya madabodi. Ikidai nywila ambayo muuzaji haijui, achana nayo. Ofisi nyingi hufunga BIOS, na mashine zinauzwa bila kufunguliwa. Wewe unahitaji kuingia humo kuwasha TPM na Secure Boot, kwa hiyo BIOS iliyofungwa ni mlango usio na ufunguo. Ukishaingia, soma jina la prosesa na kiasi cha RAM hapohapo. Kuamini stika iliyobandikwa usoni ni kosa, stika zinauzwa kwa shiti.

Kisha omba afungue ubavu. Muuzaji mwema hatakataa, mengi ya makasha haya yanafunguka bila bisibisi. Tafuta mfereji mrefu wa kadi ya picha, ule wa PCIe x16. Toa futi yako ya fundi cherehani, pima kutoka ukuta wa nyuma wa kasha hadi kizuizi cha kwanza mbele, mara nyingi ni kizimba cha diski. Andika namba hiyo kwenye simu. Kadi fupi yenye feni moja ina sentimita 15 hadi 18, zenye feni mbili hupita 20. Nimewaona watu wamenunua kadi nzuri wakaishia kukata kizimba kwa grainda. Hesabu pia nafasi za RAM na uone ngapi ziko wazi.

Sasa kadi. Kwa mashine hii na fedha hii, chaguo langu ni GTX 1650, lile toleo lisilo na tundu la waya wa umeme. Mfereji wa PCIe hutoa wati 75, na toleo hilo la GTX 1650 linaishi ndani ya wati hizo 75. Unachomeka, unafunga skrubu, unawasha. Matoleo mengine ya GTX 1650 yana tundu la pini sita juu yake, na pawasaplai ya ofisi kwa kawaida haina waya huo. Kwa hiyo itazame kadi kwa juu na kwa pembeni: kama kuna tundu jeusi la pini, si yako. Ukiikosa, shuka kwa GTX 1050 Ti ya 2016, nayo ni ya wati 75 na ina GB 4. Ndiyo kadi ambayo EA, watengenezaji wa FC, waliitaja kama kiwango cha chini cha FC 25, kwa hiyo usishuke zaidi ya hapo. GTA V ya kawaida, iliyofika kwenye kompyuta 2015, haitakupa shida yoyote. Valorant ni nyepesi zaidi ya zote.

Kuna kadi mbili utaonyeshwa nikutahadharishe. Ya kwanza ni RX 6400 au 6500 XT. Ni mpya kidogo na zinavutia, lakini zimejengwa na njia nne tu za PCIe, na kwenye madabodi ya 2018 ambayo ni PCIe 3.0 hubanwa. Ya pili ni RX 580. Hiyo nitaisema zaidi kidogo, kwa sababu imejaa.

RX 580 ya kweli ina vichakataji 2304 na inakula hadi wati 185. Zipo nyingi zilizoandikwa "RX 580 2048SP". Hizo kiuhalisia ni chipu ya RX 570 iliyopewa jina la kakaye. Nyingi zilifanya kazi ya kuchimba sarafu za kidijitali usiku na mchana, na sarafu ya Ethereum ilipoachana na uchimbaji Septemba 2022, kadi zilimwagika sokoni kwa magunia. Sisemi zote ni mbovu. Nina moja kwenye benchi yangu inayofanya kazi hadi leo. Ila kwa pawasaplai ya ofisi yenye wati 250 hivi, wati 185 za kadi peke yake ni kuiomba ife. Hiyo ni kadi ya mtu aliyebadilisha pawasaplai.

Namna ya kuijaribu kadi ya mtumba, yoyote ile: nenda na flashi yenye programu mbili, GPU-Z na FurMark. Zote ni za bure na ni ndogo. Mwombe muuzaji aichomeke kadi kwenye mashine yake. Fungua GPU-Z, angalia mstari wa Shaders, yaani idadi ya vichakataji vidogo: GTX 1650 isome 896, GTX 1050 Ti isome 768. Angalia aina ya kumbukumbu: GDDR5 au GDDR6, kamwe isiwe DDR3. Zipo kadi za zamani zilizochezewa programu ili zijiite 1050 Ti, na matoleo ya sasa ya GPU-Z huzitambua nyingi ya hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Halafu washa FurMark kwa dakika 15. Wewe simama hapo, usiende kunywa soda. Sikiliza feni: mlio laini unaopanda ni sawa, mkwaruzo au kugonga ni beringi imekwisha. Tazama picha: vijidoti vya rangi vinavyometameta, mistari au vipande vya mraba vinavyorukaruka ni kumbukumbu ya kadi inakufa, na hakuna kupaka pasta (ile dawa ya kupitisha joto kati ya chipu na kipoza) kutakakoiponya. Joto likipita nyuzi 85 na bado linapanda, omba apunguze bei kwa ajili ya usafi na pasta, au iache. Muuzaji akikataa jaribio zima, ameshakujibu.

Nije kwenye pawasaplai. Mwaka 2017 nilimjengea kijana mmoja mashine yenye GTX 1060, kadi ya wati 120. Nilinunua pawasaplai mpya dukani, iliyoandikwa kwa herufi kubwa wati 600, kwa bei ya chini sana. Ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi la viatu tupu, na sikulitilia maanani. Wiki ya tatu umeme ulikatika ukarudi kwa nguvu. Ilitoa mlio mmoja na harufu ya kuungua, ikaondoka na madabodi na kadi. Yule kijana alikuwa amekopa sehemu ya fedha ile. Nililipa madabodi, kadi tukagawana hasara. Nilipoifungua baadaye ndipo niliposoma lebo ambayo ningepaswa kuisoma dukani.

Lebo inasomwa hivi. Ubavuni mwa pawasaplai kuna jedwali dogo lenye safu za +3.3V, +5V, +12V, na chini ya kila moja ampea zake. Prosesa na kadi hula kutoka +12V, kwa hiyo safu nyingine ziache. Chukua ampea za +12V, zidisha kwa 12. Ile yangu iliandikwa +12V ampea 20: mara 12 ni wati 240. Hizo 600 zilikuwa za rangi tu. Pawasaplai ya kweli ya wati 500 inakuonyesha ampea 38 au 40 kwenye +12V. Jambo hili linafanyika kwa kikokotoo cha simu, mbele ya muuzaji, kwa nusu dakika.

Habari njema kwako ni kwamba kwa mpango niliokupa huibadilishi. Pawasaplai za Dell, HP na Lenovo zinasema kweli. Piga hesabu: i5-8500 wati 65, GTX 1650 wati 75, madabodi, SSD na feni wati 40 kwa kukadiria juu. Jumla 180. Pawasaplai ya wati 250 hivi inabeba na akiba inabaki. Siku ukitaka kadi kubwa, ujue mashine hizi zina plagi zake za madabodi, si ile ya kawaida ya pini 24. Kuna waya wa kubadilisha unauzwa, wa kila kampuni na namba yake, na unapaswa kulingana na modeli yako kamili. Usimruhusu fundi aunganishe kwa kukata na kusuka nyaya.

RAM na diski nitapita haraka. GB 16 zinakutosha kwa gemu na michoro ya AutoCAD, ziwe vipande viwili vya GB 8, kwa sababu vikiwa viwili madabodi inavisoma kwa pamoja na mashine inachangamka. Ukikuta kuna kipande kimoja cha GB 8, anza nacho na uongeze kingine cha DDR4 cha mezani. Diski ya kuwashia Windows iwe SSD, halina mjadala. GB 256 zinajaa mapema, GTA V peke yake inataka takriban GB 100, kwa hiyo tafuta GB 480 au 512. Ikiwa ya mtumba, programu ya CrystalDiskInfo itakuonyesha afya yake kwa asilimia na saa ilizofanya kazi.

Televisheni ya nyumbani itumie, usinunue monita kwanza. Kama ni ile ya inchi 32 ya HD, kioo chake ni 1366 kwa 768, takriban nusu ya nukta za kioo cha 1920 kwa 1080. Kadi yako itakuwa na kazi nusu, na FC itateleza. Ingia kwenye mipangilio ya televisheni, washa hali ya gemu. Bila hiyo televisheni huichelewesha picha ili kuipamba, na utaona mchezaji anapiga pasi baada ya wewe kuachia kitufe. Ubaya wa televisheni ni kwamba saa mbili usiku ni ya wazazi na taarifa ya habari, na hilo unapaswa kuliheshimu. Kwa hiyo nimekuwekea monita kwenye bajeti kama kitu cha mwezi wa pili. Monita za ofisi za inchi 22 au 24 zipo tele. Angalia ziwe 1920 kwa 1080 na ziwe na HDMI au DisplayPort, si VGA peke yake, kwa sababu kadi nyingi za sasa hazina tundu la VGA.

Umeme. Sote tunajua unavyopanda na kushuka, na unavyorudi kwa kishindo. Nunua UPS ya 650 VA. Chomeka kasha na monita tu. Usichomeke pasi wala sabufa. Si ya kuendelea kuchezea gemu umeme ukiwa umekatika, ina betri ndogo na itakupa dakika chache. Ni ya kukupa muda wa kuhifadhi kazi na kuzima kwa adabu, na kuipokea ile kofi ya umeme unaporudi badala ya madabodi yako. Ukinunua ya mtumba, jua betri imechoka na uitengee fedha.

Wazazi wakiuliza LUKU, wajibu kwa hesabu. Mashine ikila wati 180 ukicheza saa nne, ni uniti 0.72. Ukifanya hivyo kila siku ya mwezi, ni uniti 21 na ushei. Kama nyumba yenu iko kwenye kundi la matumizi madogo la TANESCO, lenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, hiyo ni zaidi ya robo ya kikomo. Mkivuka mnahamishwa kwenda bei ya juu. Kaa nao mkubaliane saa mapema.

Fedha zako ningezipanga hivi, na hizi ni dari, usizivuke bila sababu. Kasha la ofisi lenye i5 ya kizazi cha nane, laki nne na thelathini. Kadi, laki tatu na thelathini. UPS, laki moja na nusu. Kibodi na kipanya, elfu thelathini. Kipanya kiwe kizuri kwa ajili ya Valorant, kibodi yoyote itakutosha. Hapo umefika laki tisa na arobaini. Zinabaki laki mbili na sitini. Nusu yake ni ya kuongeza RAM au SSD kulingana na kilichokosekana kwenye kasha, na nusu ni ya monita au padi ya FC, uamue mwenyewe. Kasha likija limekamilika kwa RAM na SSD, usiongezee fedha kwenye kadi iwe kubwa kuliko pawasaplai. Nunua monita.

Nenda Dar mwenyewe. Panda treni ya SGR ya asubuhi, ufike Kariakoo maduka yakiwa yametulia, jioni uwe umerudi. Usitume fedha kwa mtu anayekutumia picha. Kila duka likupe risiti ya EFD yenye jina la kifaa na namba yake, na siku za kurudisha zikiwa zimeandikwa kwa kalamu; wiki moja ni haki kwa kifaa cha mtumba. Ukirudi, kadi isafiri nje ya kasha, kwenye mfuko wake wa plastiki ya kung'aa, uifunge kwa fulana, uipakate. Kasha lilaze, ubavu wenye madabodi uwe chini.

Usiku huo usiwashe gemu kwanza. Fungua ubavu, piga vumbi kwa brashi laini ya rangi huku umeshika feni kwa kidole isizunguke. Ng'oa kipoza joto cha prosesa, futa pasta ya zamani iliyokauka kama udongo, weka mpya kiasi cha punje ya mchele mmoja. Ingia BIOS, washa TPM na Secure Boot, pakia Windows 11 upya, kisha dereva za kadi kutoka kwa NVIDIA wenyewe. Kasha likae juu ya meza, mgongo wake ukiwa umeachana na ukuta kwa shubiri moja.

Kabla hujalipa kadi, nitumie picha mbili: dirisha la GPU-Z na lebo ya pawasaplai. Nitakujibu ukiwa bado dukani.